Bahasha ya Novemba

Kila ifikapo mwisho wa Oktoba, katekista wa kigango chetu hutugawia bahasha za kaki. Unatia sadaka ndani, unaandika majina ya marehemu wako, unaipeleka mbele tarehe 2 Novemba, na bahasha hizo hukaa karibu na altare mwezi mzima zikiombewa. Nilipokuwa mdogo kazi ya kuandika ilikuwa yangu, maana nyanya hakusoma. Alikaa kwenye kigoda, akataja jina moja, akangoja nimalize, ndipo akataja jingine. Hakutaka haraka. Siku moja niliandika "Maria" nikaishia hapo. Akaniuliza kama nimeandika na jina la baba yake Maria. Nikamwambia Mungu anamjua. "Mungu anamjua, sawa," akanijibu. "Wewe ndiye utakayemsahau."

Siku hizi bahasha ni yangu. Naanza na nyanya mwenyewe, namfuatisha babu, wajomba wawili, shangazi aliyefariki akijifungua, na mwisho kabisa naandika jina lisilo la ukoo wetu: John Anthony Kaiser. Sikuwahi kumwona. Hakunibatiza, sikuungama kwake, na parokia alizozihudumia zilikuwa mbali na kwetu. Hata hivyo nina deni lake, na makala hii ni sehemu ndogo ya kulilipa.

Wengi wa rika langu wanamkumbuka Padri Kaiser kwa kifo chake. Si haki, kwa mtu aliyeishi Kenya miaka 36. Alizaliwa Minnesota, Marekani, mwaka 1932. Alikuwa askari wa miavuli kabla ya kuingia seminari, na inavyosimuliwa, uaskari haukumtoka. Alipata upadri mwaka 1964 katika shirika la wamisionari wa Mill Hill, lile lililoanzishwa London mwaka 1866, na mwaka huohuo akaletwa Kisii. Alikaa Gusii karibu miaka 30. Akaijua lugha ya watu, akajenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe, akapanda vilima vile kwa pikipiki, na kwa kuwa alikuwa mwindaji hodari, bunduki yake ilipopata kitu, nyama iliishia kwenye sufuria za waumini.

Miaka 30 hiyo haina habari kubwa, nami napenda iwe hivyo. Kazi ya paroko kwa sehemu kubwa haina habari. Ni kubatiza na kuzika. Ni kumsikiliza mke na mume wasiosemezana, kila mmoja kwa siku yake, kisha kujifanya hujui alichosema mwenzake. Ni kuombwa karo, kuombwa gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane, kuombwa mabati. Na ni kuandika. Watu hawalitilii maanani jambo hili, lakini sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Ukipewa kipaimara, pembeni mwa jina lako kwenye kitabu cha ubatizo panaandikwa. Ukifunga ndoa, hata kama ni katika parokia nyingine, habari inarudishwa palepale ulipobatizwa na kuandikwa. Katika nchi ambayo wengi wetu tulizaliwa nyumbani bila karani wa serikali kujua, kadi ya ubatizo ilikuwa ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba upo. Kadi yangu mimi ina kosa la herufi mbili katika jina la baba, na kosa hilo limenifuata hadi kwenye kitambulisho. Silalamiki. Afadhali kuandikwa vibaya kuliko kutoandikwa.

Basi mtu wa namna hiyo, aliyezoea kuona kila kichwa kina jina na kila jina lina mstari wake kitabuni, ndiye aliyefika Maela.

Oktoba 1993 maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, walifukuzwa Enoosupukia huko Narok, wakashuka hadi Maela, upande wa Naivasha, wakajisitiri chini ya plastiki. Padri Kaiser alikuwa amehamia Jimbo la Ngong, chini ya Askofu Colin Davies, na mwaka 1994 akapelekwa kwenye kambi ile. Ilikuwepo hata programu ya Umoja wa Mataifa ya kuwarejesha watu makwao. Kisha siku za Krismasi ya 1994 yakaja malori, usiku. Watu kama 2,000 walipakiwa, vibanda vikabomolewa, na abiria hao wasiokata tiketi wakaenda kumwagwa Kirigiti, Ol Kalou na Ndunyu Njeru, wakiulizwa asili ya mababu zao ni wapi. Padri alipokataa kuondoka, polisi walimtoa kwa nguvu.

Nilifundisha Kiswahili shule ya sekondari kwa miaka mingi, na naomba msomaji anivumilie nirudi darasani kidogo. Itazame aya niliyotoka kuiandika. Watu walifukuzwa. Walipakiwa. Vibanda vikabomolewa. Ni kauli ya kutendwa kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, na mtenda hayupo. Hata "yakaja malori" ni hila: malori hayana miguu. Sikupanga kuandika hivyo. Kalamu yenyewe ilijiendea, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusimulia mambo ya miaka ile. Redio ilisema vita vimezuka, kama uyoga baada ya mvua. Ilisema watu wamepoteza maisha, kana kwamba maisha ni funguo, umezisahau kwenye matatu. Nyumba ziliteketea. Hali ilikuwa tete. Na sisi nyumbani, tulipotaka kusema zaidi, tulisema "wakubwa", au tulisema "wenyewe", au mtu aliinua kidevu kidogo kuelekea Nairobi akanyamaza. Wakati ule kuta zilikuwa na masikio, na methali hiyo haikuwa ya kupamba insha.

Kiswahili si cha kulaumiwa. Lugha hiihii inakupa kiungo kidogo cha kumtaja mtenda: na. Zilichomwa na fulani. Wanafunzi wangu walikijua kiungo hicho kwenye mtihani, wakageuza sentensi kumi wakapata kumi. Mtoto alikula embe. Embe lililiwa na mtoto. Lakini hakuna aliyewaambia, wala mimi sikuwaambia, kwamba kuna sentensi nchini humu ambazo mtu akizimalizia anaweza kuitwa kituoni.

Hiki ndicho ninachomshukuru Padri Kaiser. Alizimalizia.

Julai 1998 Rais Daniel arap Moi aliunda tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano yaliyotokea tangu 1991. Padri Kaiser wakati huo alikuwa Lolgorien, Trans Mara, paroko wa parokia ya pembezoni ambako gari lilihesabika kuwa muujiza majira ya mvua. Mapema mwaka 1999 alikwenda mbele ya tume akala kiapo. Alieleza aliyoyaona Maela. Alipofika mahali ambapo wengine walisema "wakubwa", yeye alitaja majina. Aliwataja mawaziri waliokuwa ofisini. Akamtaja na Rais mwenyewe.

Msomaji mwenye macho atagundua kwamba hapa mimi nimemtaja Rais tu, ambaye sasa ni marehemu, na mawaziri nimewaacha bila majina. Nimeiandika aya hiyo mara tatu. Yamo kwenye kumbukumbu za umma, yamechapishwa mara nyingi, hakuna siri. Lakini mara zote tatu kidole kiligoma. Basi nimeacha ionekane hivyo, ili ijulikane kwamba ninayemsifu alifanya jambo ambalo mwenye kumsifu bado linamshinda, tena akiwa amekaa nyumbani kwake na kikombe cha chai, robo karne baadaye.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1999 serikali ilitaka kumfukuza nchini. Kibali chake cha kazi kikawa ndicho kisingizio. Akajificha. Maaskofu, waumini na watetezi wa haki wakapaza sauti, na agizo likalegezwa. Mwezi Machi 2000 Chama cha Mawakili Kenya kilimtunuku tuzo ya haki za binadamu. Wakati huo pia alikuwa akiwasaidia wasichana wa Trans Mara waliotaka haki mahakamani dhidi ya mtu mwenye madaraka. Kwa mzee wa miaka 67 aliyekuwa amekwisha kuugua saratani, ingetosha kabisa arudi Minnesota akavue samaki.

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara kuu ya Naivasha kwenda Nakuru. Alikuwa amepigwa risasi kichwani, na bunduki yake ilikuwa palepale. Mwaka uliofuata wapelelezi wa FBI wa Marekani, walioletwa kusaidia, walitoa ripoti iliyoelekea kusema alijiua. Walitaja kwamba siku za nyuma aliwahi kuugua akili. Familia yake na maaskofu wa Kenya wakaikataa. Serikali mpya iliyoingia baada ya uchaguzi wa 2002 ikakubali uchunguzi wa mahakama, na Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akatoa uamuzi: padri hakujiua, aliuawa. Waliomuua hakuweza kuwatambua kwa ushahidi uliokuwepo. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Kuhusu ule ugonjwa nina neno moja tu. Baadhi ya wanaompenda padri huona haya ukitajwa, kama kwamba unachafua kumbukumbu yake. Mimi hauniondolei kitu. Kama kweli kuna nyakati alipambana na giza lake mwenyewe na bado asubuhi akaamka kuwaadhimishia watu Misa kisha kwenda kutoa ushahidi, deni langu kwake linaongezeka.

Na nisieleweke vibaya. Sijasema Mzungu ndiye aliyetufumbua macho. Wapo Wakenya waliosema mapema na kwa gharama kubwa. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alikuwa akipiga kelele wakati wakimbizi wanajaa katika viwanja vya makanisa yake. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Eldoret, alikufa katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri kumwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Makatekista walioficha watu majumbani mwao hakuna aliyewatunuku tuzo. Padri Kaiser alikuwa na pasipoti ambayo balozi angeipigia simu; katekista wa Maela alikuwa na kadi ya ubatizo. Nadhani yeye mwenyewe alilijua hilo, na pengine ndiyo maana alihisi hana kisingizio. Alikuwa mkaidi pia, wa kugombana hata na wakubwa wake wa Kanisa. Mapadri wapole nimewajua wengi, nawapenda, na sina hakika kama mpole angeibeba kazi hii.

Turudi kwenye bahasha, maana Kenya ina bahasha nyingine.

Kabla ya Akiwumi ilikuwepo kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku. Septemba 1992 ilitoa ripoti yenye majina, na Bunge likaitupilia mbali. Tume ya Akiwumi nayo ilikabidhi ripoti yake mwaka 1999, ikafungiwa kabatini hadi Oktoba 2002, wakati utawala unafunga virago. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyofuata, watu zaidi ya 1,100 wakiuawa, na wengi wao katika Bonde la Ufa lilelile. Safari hii tume ikawa ya Jaji Philip Waki. Majina ya washukiwa yalitiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, ikakabidhiwa Kofi Annan, naye Julai 2009 akaipeleka The Hague. Nchi nzima ilikesha ikikisia kilichomo. Hata watoto wa shule walikuwa na orodha zao. Kesi zilizofuata ziliporomoka moja baada ya nyingine, mashahidi wakiwa wamejiondoa, wengine hawajulikani walipo.

Sina ugomvi na Jaji Waki. Alikuwa na sababu za kisheria za kufanya hivyo, na bila bahasha ile pengine pasingekuwa hata na hizo kesi. Lakini nikikumbuka zile wiki za kukisia, namwona padri mmoja amesimama mbele ya tume miaka kumi kabla, hana bahasha, hana gundi, hana mlinzi. Jina linatoka kinywani linaingia kwenye kumbukumbu za tume, na mwenye jina anaweza kuja kesho na wakili wake akalikanusha. Tofauti hiyo huwa haisemwi sana tunaposifu ushujaa. Anayetaja hadharani anampa hata mshukiwa haki ya kujibu. Anayesema "wakubwa" anawachafua wakubwa wote, wema na wabaya, na yule mbaya anajificha katikati yao kwa raha zake.

Kabla hajafa alikuwa ameandika kitabu kuhusu mambo haya, kikatoka baada ya kifo chake. Humo alitoa tahadhari mapema kwamba akitoweka watu wasidhani amejidhuru. Nilikisoma mwaka mmoja likizo ya Agosti, na shule zilipofunguliwa niliingia darasani nikafanya kitu ambacho hakimo kwenye mtaala. Niliwapa kidato cha tatu magazeti ya zamani, nikawaambia wapigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha pembeni waandike: na nani? Kama gazeti halisemi, waandike "halisemi". Kengele ilipolia ukurasa wa kwanza wa kila gazeti ulikuwa umejaa "halisemi" hadi ukingoni. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye nilijua familia yao ilihamia kwetu kutoka upande wa Narok, hakuandika neno. Aliniletea gazeti lake safi, akaliweka mezani, akasema, "Mwalimu, mimi nawajua." Nikamwambia aketi. Sikumwambia aseme. Hilo nalo nalitubu.

Nimelirudia zoezi lile kila mwaka hadi nilipostaafu. Sijui lilimbadilisha nani. Mwanafunzi mmoja sasa ni karani wa mahakama, mwingine anauza vipuri vya pikipiki, na mwenye vipuri ndiye aliyeniambia kwamba hadi leo akisikiliza taarifa ya habari mdomo wake unauliza wenyewe.

Padri Kaiser alizikwa Lolgorien, katika parokia yake ya mwisho, baada ya Misa zilizojaza watu kuanzia Nairobi. Mimi huipita barabara ya Naivasha kwenda Nakuru mara mbili tatu kwa mwaka, katika matatu. Hutazama migunga ile ya manjano, nikafanya ishara ya msalaba upesi kabla jirani hajaniuliza kuna nini. Ni ibada fupi, ya kiwoga kidogo kama mwenyewe.

Novemba iliyopita nilipeleka bahasha yangu ofisini siku ya kazi, nikamkuta binti anayesaidia kupanga vitabu, hajafika miaka 20. Kazi yake ilikuwa kunakili majina yaliyomo ili yasomwe kwa zamu katika Misa za asubuhi. Akanakili la nyanya, pamoja na la baba yake nyanya. Akanakili la babu, wajomba, shangazi. Alipofika mwisho akainua kichwa.

"Mwalimu, huyu Kaiser ni wa kwenu?"

"Alikuwa padri. Paroko wa Lolgorien."

"Alikufa lini?"

"Mwaka 2000. Aliuawa."

Alikuwa ameinama tena anaandika, kalamu haijasimama, wala nadhani hakujua anauliza nini.

"Na nani?"